Shimo Lile Si la Fuko

Nyumbani, Sabato, saa tisa alasiri

Kerubo mama,

Shimo uliloniuliza jana asubuhi kule kwenye chai si la fuko. Nilikujibu kwamba namfukuza fuko, nawe ukacheka: "Baba, fuko gani huyo anajenga nyumba ya vyumba vitatu?" Nikacheka na mimi, tena kwa sauti, kama mtu asiye na neno moyoni. Mwongo mkubwa! Nilikuwa nimeng'oa mashina kumi na moja ya chai aliyoipanda marehemu mama yako, nikachimba Alhamisi nzima na jana tena, mpaka jembe likafika kwenye udongo mwekundu ambao haujawahi kuguswa na mtu. Sikupata nilichokuwa nakitafuta. Nataka kukuambia kilikuwa nini.

Sasa hivi mko kanisani. Wazee wanakuwekea mikono, akina mama wanaimba huku wanalia, na mimi nimebaki hapa kwa kisingizio cha mguu. Mguu unauma kweli, lakini haukunizuia kuchimba. Kesho asubuhi kaka yako Onchiri atakupeleka Kisii upande gari la Nairobi, na kesho kutwa utakuwa hewani ukielekea Mongolia, kuuguza watu ambao hata jina la Ikonge hawajalisikia. Nina muda mpaka mtakapotoka kanisani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili ya kukuambia na sikuitumia, basi nijaribu na huu uliobaki.

Mambo ya soksi za sufu, dawa na pasipoti sitayagusa. Shangazi zako wameshakuambia, kila mmoja mara mbili. Na usishangae kwamba nakuandikia kwa Kiswahili. Ekegusii chetu ningekisema kwa mdomo, na nikikisema nitalia, wewe utanibembeleza, na maneno yataishia hapo. Kiswahili nimekifundisha darasani miaka thelathini. Ndiyo lugha niliyozoea kusahihishia makosa, ingawa yote yalikuwa ya watoto wa watu.

Jumatatu ulikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni ukimenya ndizi, ukaniambia mambo mawili bila kuinua kichwa. La kwanza, kwamba kabla hujaondoka utaenda pale chini ya mparachichi, kwenye makaburi ya wale watoto wa Wazungu, upige magoti, uchote udongo kidogo uutie kwenye mkebe wa kakao uende nao. Hutaufungua mpaka ufike, ukasema. La pili lilihusu ile fomu ya wanaokutuma, yenye swali la mahali utakapozikwa endapo Mungu atakuita ukiwa huko. Umeshajaza: huko huko. Imebaki sahihi ya mzazi. Wiki tatu hizi nimekuwa nikikuambia miwani imepotea. Miwani imo mfukoni mwa koti, mama, na imekuwa humo wakati wote.

Nikakuuliza, "Sasa uzikwe huko kwa watu, nani atakupalilia kaburi?"

Ukaniangalia kwa macho yale ya mama yangu, ambaye jina lake ndilo lako, ukasema, "Baba, na wale watoto walipaliliwa na nani? Si wewe? Walikuwa ndugu zako? Hata huko Mungu ana mtu kama wewe."

Nilinyanyuka nikaenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Hadithi ya wale Wazungu unaijua, lakini unaijua nilivyoisimulia mimbarani. Wacha niisimulie mara moja tu kama baba yangu alivyonipa. Yeye alikuwa mpishi wao. Mzungu yule, mkewe na watoto wao waliishi hapa hapa tulipo, katika nyumba ya udongo na nyasi kama ya mtu yeyote, isipokuwa madirisha yake yalikuwa makubwa. Walikuja kwa miguu kutoka kule ziwani, siku kadhaa za kupanda, na mke alibebwa nusu ya njia kwa sababu alikuwa mjamzito. Kwao walikuwa na nyumba ya mawe yenye bustani. Baba aliiona kwenye picha ukutani. Akauliza, "Na hii mmemwachia nani?" Mzungu akasema wameiuza ili wapate nauli ya kuja. Baba hakuelewa kabisa. Mtu anauzaje mahali alipolala babake? Alifikiri labda hakusikia vizuri, akauliza tena, akajibiwa vile vile.

Homa ikaja wakati wa mvua ndefu. Watoto walikuwa watatu. Ikamchukua wa kati, msichana, na siku nne baadaye ikamchukua yule mdogo aliyezaliwa hapa. Mkubwa, msichana wa miaka minne, akapona. Siku zile watu wetu waliogopa kugusa maiti ya mgeni, kwa hiyo Mzungu alichimba mwenyewe mara zote mbili, na mara ya pili mikono bado ilikuwa na malengelenge ya mara ya kwanza. Hilo baba alilisimulia bila shida. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuweza kulisimulia bila kuinuka kwanza achochee moto. Kesho yake baada ya kumzika mdogo, mama yule aliamka, akafua nepi, akazianika zote kwenye kamba. Baba alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Zilipokauka akazianua, akazikunja vizuri, akazipanga sandukuni. Na Sabato iliyofuata Mzungu alihubiri, mkewe akapiga kinanda.

Kanisani nilikuwa nikiishia hapo kwenye kinanda, watu wakaitikia amina. Wewe ulikaa benchi la mbele, miguu haifiki chini, macho yote kwangu. Habari ya nepi sikuisema hata mara moja. Haipendezi mimbarani. Siku hizi najiuliza: ningekupa zile nepi badala ya kinanda, labda leo ungekuwa muuguzi hapa Nyamira, umeolewa kule Birongo, unanitembelea Jumapili na kunigombeza kwa kula chumvi. Watu wanawasifu wale Wazungu kwamba walijitoa. Ni kweli, walijitoa, nani anabisha? Lakini wale wawili wadogo hawakujitoa, walitolewa. Hakuna aliyewauliza, na mimi ndiye niliyeachiwa kuwatunza.

Wazungu walipohamishwa, wazee wa ukoo wakakubali kipande hiki kiwe cha baba, na Mzungu akamwomba jambo moja tu: pale mahali pasiote magugu. Yalikuwa makaburi mawili mafupi, yamezungushiwa mawe meupe ya mtoni ambayo Mzungu aliyabeba mwenyewe. Baba alipalilia mpaka uzeeni. Alipokaribia kufa alinishika mkono, akaniambia, "Hawa hawana mtu. Mtu wao ni wewe." Nikasema ndiyo, baba. Nakuapia, nilimaanisha.

Kisha ikaja chai. Nilikuwa mwalimu kijana, nimeoa juzi, na kila mtu hapa Ikonge alikuwa akipanda chai mpaka ukingoni mwa choo. Nikisimama barabarani nikitazama shamba langu, naona kile kiraka cha nyasi katikati kama kipara kichwani mwa kijana. Majirani wakinitania: "Mwalimu, hapo umewaachia mbuzi wako uwanja wa mpira?" Nikaona aibu. Sasa sikiliza jinsi nilivyojidanganya, maana ni udanganyifu wa watu wetu hasa. Sisi hatuwawekei wafu wetu uzio. Babu zako wamelala hapa hapa bomani, migomba imesimama juu yao, tunalima, tunakula, na hakuna anayepotea, kwa sababu kila mtoto anayezaliwa hapa huzungushwa na kuoneshwa: hapa ni babu, hapa ni nyanya, pale ni baba mdogo aliyepigwa na radi. Kaburi letu hukaa mdomoni. Nikajiambia, vizuri, hata hawa niwafanye wetu. Nitalima juu yao kama ninavyolima juu ya babu, nami nitajua walipo. Nikang'oa mawe. Mama yako alishika mche wa kwanza akaniuliza, "Una hakika utapakumbuka?" Nikamjibu kwa ukali, "Kwani mimi mtoto?"

Nilichosahau ni kwamba wetu hatuwapotezi kwa sababu tunawataja kila siku. Wale ningewataja kwa nani? Hata Onchiri sikumzungusha nikamwonesha, maana ningemwonesha ningelazimika kumwambia na mawe yalikwenda wapi. Mawe niliyatia kwenye msingi wa jikoni. Ngazi uliyoikalia Jumatatu ukiniambia habari za mkebe ni mawe yao. Chai ikakua ikafungamana, ikapogolewa mara nyingi, upande mmoja ikang'olewa ikapandwa aina mpya, na wewe ulipozaliwa mimi nilikuwa nimebaki na "hapo katikati, karibu na pale". Umechuma chai juu yao kila asubuhi kabla ya shule, kikapu kimekuzidi kimo. Tena chai ambayo sisi Wasabato hata hatuinywi.

Ulikuwa na miaka tisa yule bibi wa Kizungu alipokuja. Unamkumbuka alivyokuwa mrefu, na ile fimbo, na mjukuu wake aliyebeba mwavuli hata jua lilipotoka. Unalolikumbuka ni siku ile moja. Mimi nakumbuka wiki iliyotangulia, kwa sababu mchungaji aliniambia wiki nzima kabla: yule mtoto aliyepona bado yu hai, ni mzee sana, anakuja kuona walipolala ndugu zake kabla naye hajafa. "Na kwa bahati nzuri," mchungaji akasema, "mlinzi tunaye."

Wiki nzima, mama! Mama yako aliniambia, "Mwambie umelima. Ni mtu mzima, atalia, tutampa uji, yatapita." Hakuna neno la busara kuliko hilo lililowahi kusemwa katika nyumba hii, na mimi nililikataa. Niliona uso wa mchungaji. Niliona wazee wa kanisa. Nikachukua toroli nikashuka mtoni kutafuta mawe meupe, na wewe ukanifuata, ukabeba mawili matatu kwenye sketi yako. Nikaanza kuyapanga chini ya mparachichi. Ukaniuliza, "Baba, kwani hapa si pa kufungia ndama?" Nikakuambia tulikuwa tukimfunga ndama hapo ili alinde makaburi. Ukasema, "Aah." Ukaenda kuchuma maua. Chini ya mparachichi hapana mtu, Kerubo. Hapajawahi kuwa na mtu. Ni mahali pa ndama.

Basi akaja. Alitusalimia "Bwakire buya" saa tisa alasiri, salamu ya asubuhi, maneno mawili pekee aliyobaki nayo kutoka kwa yaya wake, na watu wote wakacheka kwa furaha. Akapiga magoti pale, taratibu, mjukuu amemshika kwapani. Akazungumza muda mrefu kwa lugha yake. Nikamwuliza mjukuu, "Anaomba?" Akaniambia, "Hapana. Anawaomba msamaha kwa kuwa yeye alipona."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ulimi ulikuwepo, Kiingereza nilikuwa nacho. Nikatazama viatu vyangu.

Akachota udongo akautia kwenye leso. Akausifu. Akasema ni mweusi, laini, unaonekana umetunzwa. Kwa nini usiwe mweusi, na ndama alikuwa amekojoa hapo miaka sita? Kisha akashika mikono yangu hii akaibusu, mmoja baada ya mwingine, mbele ya kanisa zima, na mimi nikaiacha ibusiwe. Jioni ile mezani ukasema, mdomo umejaa ugali, "Baba, na mimi nitaenda kwa watu wasionijua." Mama yako aliacha kula akaniangalia. Aliniangalia hivyo mara nyingi baadaye, kila ulipofaulu mtihani, kila uliposema bado unakumbuka ahadi yako, na aliniangalia hivyo hospitalini wiki ile ya mwisho. Nilidhani angekuambia yeye. Nadhani alikuwa akinisubiri mimi.

Bibi yule alinitumia kadi kila Desemba. Kisha mjukuu akaandika kwamba amefariki, na kwamba wamemzika na ile leso mkononi, kama alivyoagiza. Barua hiyo niliisoma kanisani. Watu walilia. Mwaka huo huo nikachaguliwa mzee wa kanisa, na tangu hapo kila wanapotaka kuwaonesha vijana maana ya uaminifu wanawaleta hapa nyumbani kwangu, chini ya mparachichi, na mimi nawapokea, nawapa maji ya kunywa.

Kwa hiyo uliposema Jumatatu kwamba utauchukua udongo wa pale, nilifikiri: angalau huyu asibebe mavi ya ndama mpaka Mongolia. Nitautafuta udongo wenyewe, nimbadilishie mkebeni wakati hatazami. Ndiyo maana nilingoja mwende Kisii kununua zile nguo za baridi, nikachukua jembe. Nilipima hatua kutoka kwenye ile migomba ya babu kama baba alivyokuwa akipima, lakini nilishindwa kukumbuka kama ni migomba ya sasa au ya zamani iliyoanguka. Nikaanza kwenye mstari wa nne, nikahamia wa sita. Nilipata mizizi, na kipande cha chupa, na mizizi zaidi. Mifupa ya watoto wadogo ni laini, na karibu miaka mia imepita. Sijui hata kama kuna cha kupatikana. Jana jioni, kabla jua halijatua, nilikaa ukingoni mwa shimo miguu ikining'inia ndani, nikawaita kwa majina yao, yale aliyoyataja bibi. Mzee wa miaka yangu, anaita kwenye chai! Onchiri alinikuta, akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naimba.

Nimewapoteza, mama. Si kwamba nimewaficha. Ningekuwa nimewaficha ningekuonesha sasa. Nimewapoteza kabisa, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akijua walipo.

Sikuambii usiende. Nikikuomba ubaki utabaki, nakujua, na itakuwa kwa ajili yangu, na mimi siku zangu zimebaki chache. Juzi ulinibonyeza mguu huu uliovimba kwa kidole gumba, shimo la kidole likabaki pale pale, wewe ukalitazama, ukavuta suruali yangu ukaufunika mguu, ukaniuliza kama nimekula. Wewe ni muuguzi, umejua. Mimi ni mzee, nimejua. Tumenyamaza wote wawili, na hilo la kunyamaza umelirithi kwangu. Si zuri, ulitupe ukiweza. Ukikosea huko, na utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujalizungushia mawe na kulipandia maua. Baada ya maua halisemeki. Huo ndio ushauri wote nilionao, nami nimeununua kwa maisha yangu yote na ya mama yako.

Sijui kama wito wako ni wa kweli. Nimeliandika hilo, sasa unisamehe. Ulianza chini ya mparachichi, kwa machozi ya bibi aliyedanganywa, na kwa baba mwenye mikono iliyobusiwa bure. Labda Mungu anaweza kuutumia hata huo. Wazee kanisani wangesema anaweza, kwa haraka sana, kisha wangeimba. Mimi nimejaribu kuamini hivyo tangu Jumatatu na sijaweza. Ninachokiona ni watu wale waliouza nyumba yao ya mawe wakaja kufiwa na watoto huku, na walichokibakiza ni mimi.

Nimetoa miwani mfukoni na nimetia sahihi kwenye fomu. Nilitaka kukata lile neno lako niandike arudishwe nyumbani, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya, maana hata maskini wa mwisho hapa huchangiwa akarudi kulala kwao. Kalamu ikakataa. Nikurudishe wapi? Kwenye shamba la mtu asiyejua nani amelala wapi? Basi nimeacha ulivyoandika. Lakini nataka ujue ulichokisema Jumatatu ni kweli, kuliko unavyodhani. Huko unakokwenda yupo mtu kama mimi. Atakuwa mwema, pengine mwalimu, pengine mzee wa kanisa. Atakushika mkono akuambie, nitapalilia. Naye atakuwa anamaanisha, Kerubo, kama nilivyomaanisha. Kisha atakuja kuona aibu kwa kile kiraka cha nyasi.

Nawasikia. Mmetoka kanisani, mnapanda njia mkiimba. Nilikuwa nimepanga ukiingia tu nikukalishe, nikupe karatasi hizi, usome mbele yangu nikiwa nimekuangalia. Naona kitambaa chako cha kichwa kati ya watu. Umeshika mkebe.

Hujaingia nyumbani. Umepita moja kwa moja, na akina mama wote nyuma yako, mpaka kwa mparachichi. Nimesimama kukuita. Dirisha liko wazi, na sauti ninayo. Umepiga magoti kabla sijafungua mdomo.

Nimekaa tena.

Nitafanya hivi. Utakuja kula, mkebe utauacha mezani. Nitazikunja karatasi hizi nizitie ndani, juu ya udongo, nifunge kifuniko. Hutaufungua mpaka ufike, ulisema mwenyewe. Kwa hiyo unasoma haya ukiwa huko, kwenye baridi, na mimi siko karibu uniulize kitu. Nimengoja miaka ishirini na miwili, na bado nimeusubiri ukweli uondoke nyumbani kwanza. Umwage huo udongo popote. Ni wa ndama.

Unaniita sasa. "Baba! Njoo utuombee!" Wanakusaidia kuita, wote wanacheka, wamenyamazisha wimbo wanisubiri, wameniachia nafasi pale pembeni ya mawe. Nani mwingine ataomba hapo? Mlinzi ni mimi.

Naja, mama.